SOMO LETU: KAZI HUKODISHWA, MADARAKA HAYAKODISHWI
Juu ya ukurasa wa chama katika mtandao na kazi za ofisi zinazofanywa na mtu wa nje



Somo letu la safari hii linahusu jambo lililoingia katika vyama vya msingi polepole, mara nyingi bila hata azimio la mkutano mkuu. Chama hufungua ukurasa katika Facebook au Instagram ili kutangaza mazao yake. Kisha hufungua kundi la WhatsApp la wanachama, na namba nyingine ya kupokelea maagizo ya wanunuzi. Kwa kuwa Katibu ana shamba lake na kazi za ofisi ni nyingi, hutafutwa mtu wa mjini mwenye kompyuta ili auendeshe ukurasa huo. Baada ya muda mtu huyo hupewa pia kazi ya kupiga chapa mihtasari, kuandika ankara, na kuweka daftari la wanachama katika kompyuta yake. Analipwa kwa mwezi, naye si mtumishi wa chama.

Hatusemi kwamba jambo hili ni baya. Tunasema kwamba lina kanuni zake, na chama kisichozifahamu kanuni hizo kinaweza kupoteza soko, fedha na heshima kwa siku moja. Baada ya kulisoma somo hili, msomaji aweze kueleza kazi zipi chama kinaweza kumpa mtu wa nje, mambo yapi hayawezi kutoka mikononi mwa chama, na mkataba wa kazi hiyo uwe na vifungu gani.

1. MAANA YA MANENO TUTAKAYOYATUMIA

Ukurasa ni mahali katika mtandao ambapo chama hujitangaza kwa jina lake. Tuufananishe na ubao wa matangazo uliosimamishwa njia panda. Kila apitaye huusoma, na yeyote anaweza kuandika swali lake chini ya tangazo.

Msimamizi wa ukurasa ni mtu aliyepewa ruhusa ya kuandika, kufuta na kujibu katika ukurasa. Wasimamizi si wa daraja moja. Yuko mwenye madaraka kamili, anayeweza kuwaongeza na kuwaondoa wengine; na yuko mwenye ruhusa ya kuandika matangazo na kujibu wateja tu.

Neno la siri ni ufunguo wa kuingilia katika akaunti. Akaunti ya WhatsApp hufuata namba ya simu. Mwenye laini ndiye anayepokea tarakimu sita za kuifungulia, na kwa hiyo mwenye laini ndiye mwenye akaunti.

Mtoa huduma ni mtu au duka linalofanya kazi ya chama kwa malipo, bila ya kuwa mwanachama wala mtumishi wa chama.

2. KWA NINI CHAMA HUTAFUTA MTU WA NJE

Upungufu wa watu wenye ujuzi ni shida ya zamani katika ushirika wetu. Mwaka 1966 Serikali ya Tanzania iliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Miongoni mwa udhaifu ulioonwa na kamati hiyo ulikuwamo huu: kwamba watumishi wenye uwezo walikuwa haba, na kwamba wanachama wengi hawakuwa na ujuzi wa kutosha juu ya chama chao wenyewe. Udhaifu wa kwanza ndio unaotufanya leo tumkodi mtu wa mjini. Udhaifu wa pili ndio unaofanya kukodi huko kuwe na hatari.

Sababu nyingine ni za haki kabisa. Chama chenye wanachama mia mbili hakina kazi ya kompyuta ya kutwa nzima, na kuajiri karani wa kudumu kwa kazi ya siku tatu za mwezi ni kupoteza fedha za wanachama. Aidha, kupiga picha nzuri ya bidhaa, kuandika tangazo fupi linaloeleweka, na kumjibu mteja upesi ni ufundi, na fundi ana haki ya kulipwa. Chama hukodi lori bila kununua lori; vivyo hivyo chaweza kukodi mikono ya mtu wa kompyuta. Lakini chama kinachokodi lori hakimpi dereva hati ya mzigo aiandike apendavyo, wala hakimwachii funguo za ghala.

3. MFANO WA CHAMA CHA MPUNGA

Katika kazi ya ukaguzi nilifika katika chama kimoja cha wakulima wa mpunga, chenye ghala na mashine yake ya kukoboa. Bodi ya chama hicho ilikuwa imeamua jambo la maana sana: badala ya kuuza mpunga wote kwa wachuuzi wa msimu, sehemu ya mavuno ikobolewe, ifungwe katika mifuko, na iuzwe mchele moja kwa moja kwa wateja wa mjini. Alipatikana kijana mwenye duka la huduma za kompyuta. Walipatana kwa mdomo. Akafungua ukurasa wenye jina la chama na picha ya ghala, akaweka namba ya simu ya kupokelea maagizo, na kazi ikaanza.

Misimu miwili ilikwenda vizuri. Wateja waliagiza, wakalipa kwa simu, naye akapeleka fedha chamani baada ya kila mzigo, akiwa amekwisha kutoa nauli na ujira wake. Wanachama walifurahi, maana bei ya mchele wao ilikuwa nzuri kuliko ya wachuuzi.

Msimu wa tatu mkutano mkuu ulichelewa kupitisha makisio, na malipo ya kijana yakachelewa pia. Akapata kazi katika mji mwingine, akaenda zake. Namba ya maagizo ilikuwa laini yake, iliyosajiliwa kwa alama za vidole vyake. Ukurasa ulikuwa umefunguliwa kwa akaunti yake, na hapakuwa na msimamizi mwingine. Fedha zote za wateja zilikuwa zikipitia katika simu yake. Wateja waliendelea kuandika katika ukurasa ule wakiulizia mchele; wengine hawakujibiwa, wengine walijibiwa na kuuziwa mchele ambao haukutoka katika ghala la chama. Gunia za wanachama zikabaki ghalani hadi zikauzwa kwa wachuuzi kwa bei ya mwisho wa msimu.

Nilipoomba daftari la mauzo, nilionyeshwa ujumbe katika simu ya Katibu. Daftari la ghala lilionyesha gunia zilizotoka. Taarifa ya benki ilionyesha fedha zilizoingia. Kati ya hizo mbili hapakuwa na karatasi hata moja: hapakuwa na ankara, stakabadhi wala orodha ya wateja. Sikuweza kuandika katika taarifa yangu kwamba kijana yule ameiba, wala sikuweza kuandika kwamba hakuiba. Wanachama walimwita mwizi. Yeye alisema anakidai chama. Hakuna aliyeweza kuuthibitisha ukweli wake, na huenda kila upande ulikuwa na sehemu ya haki.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tuongeze kwamba mwaminifu bila daftari naye hupotea pamoja na mali, kwa kuwa hana cha kumtetea.

4. MAMBO MAWILI YALIYOCHANGANYWA

Kosa la chama kile halikuwa kumkodi kijana. Kosa lilikuwa kuchanganya mambo mawili: kufanya kazi na kushika madaraka.

Kazi ni kuandika tangazo, kupiga chapa, kujibu mteja, kujumlisha hesabu. Hiyo yaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye ujuzi. Madaraka ni kuamua bei, kupokea fedha, kuingiza au kufuta jina katika daftari la wanachama, kuidhinisha malipo, na kusema neno kwa niaba ya chama. Hayo yametolewa na mkutano mkuu kwa Bodi, na na Bodi kwa watendaji wake. Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, chama kilichoandikishwa ni nafsi ya kisheria. Kinaweza kudai na kudaiwa kwa jina lake. Mteja aliyedanganywa katika ukurasa wenye jina la chama hataanza kumtafuta mwenye duka la kompyuta. Atakuja ofisini kwenu.

Historia ya ushirika inatupa mfano mzuri. Wafumaji na mafundi 28 wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao mwezi Desemba 1844, hawakuwa na fedha za kuajiri mtu. Waligawana kazi wenyewe: Samuel Ashworth akawa muuzaji, na William Cooper akawa mshika fedha. Duka lilikuwa dogo na bidhaa zilikuwa chache mno, unga, siagi, sukari na vitu vya namna hiyo. Lakini tangu mwanzo aliyepima bidhaa na aliyeshika fedha hawakuwa mtu mmoja. Katika chama chetu cha mpunga, mtu mmoja alitangaza, akapokea agizo, akapokea fedha, akajilipa ujira wake, kisha akatoa taarifa. Hata angekuwa ndugu yetu wa damu, utaratibu huo haufai.

5. FUNGUO NNE ZISIZOTOKA CHAMANI

Ufunguo wa kwanza ni laini ya simu. Namba inayotangazwa kwa wateja iwe laini iliyosajiliwa kwa jina la chama, wala si kwa jina la mtoa huduma, la Mwenyekiti au la Katibu. Chama kiiendee kampuni ya simu na cheti chake cha uandikishaji na barua ya kumtambulisha mwakilishi wake. Simu yenye laini hiyo ikae ofisini. WhatsApp ina njia ya kuunganisha kifaa kingine na simu kuu. Mtoa huduma aweza kujibu wateja kutoka katika kompyuta yake huku laini ikibaki chamani, na Katibu aweza kukiondoa kifaa hicho wakati wowote. Kadhalika iwekwe namba ya siri ya pili ya tarakimu sita, ambayo WhatsApp yenyewe inairuhusu, ili mtu mwingine asiweze kuihamisha akaunti kwa ujanja. Namba hiyo iandikwe katika bahasha, ifungwe kwa lakiri, na iwekwe katika sanduku la fedha.

Ufunguo wa pili ni ukurasa wenyewe. Ukurasa wa Facebook huendeshwa kupitia akaunti za watu. Kwa sababu hiyo watendaji au wajumbe wawili wa chama wawe na madaraka kamili, na mtoa huduma apewe ruhusa ya kuandika matangazo na kujibu wateja tu. Kwa nini wawili? Kwa sababu mmoja akifariki, akihama au akipoteza simu, mwingine abaki na ufunguo. Kuurudisha ukurasa ambao msimamizi wake pekee ameondoka ni kazi ngumu, na pengine haiwezekani. Uongozi ukibadilika baada ya uchaguzi, funguo hizi zikabidhiwe kwa maandishi pamoja na muhuri na vitabu.

Ufunguo wa tatu ni mahali fedha zinapoingia. Mteja alipe kwa Lipa Namba iliyotolewa kwa jina la chama, au katika akaunti ya benki ya chama. Jina la chama lionekane kwa mlipaji kabla hajathibitisha malipo, na ukurasa useme wazi: «Chama hakipokei malipo katika namba ya mtu binafsi.» Mtoa huduma alipwe ujira wake kwa hati ya malipo, kama anavyolipwa fundi wa mashine. Asijilipe kutoka katika fedha za mauzo hata shilingi moja, hata kama wote mmekubaliana juu ya kiasi chake.

Ufunguo wa nne ni vitabu. Daftari la wanachama, leja, daftari la fedha taslimu na mihtasari ya mikutano ni mali ya chama, na Mrajis au mkaguzi aweza kuvitaka. Mtoa huduma akiandika hesabu katika kompyuta yake, kila mwisho wa mwezi alete nakala mbili: moja iliyopigwa chapa, itakayotiwa sahihi na kuwekwa jaladani, na moja katika flashi ya chama. Jibu la kwamba «hesabu ziko kwa kijana wa mjini» halikubaliki mbele ya mkaguzi.

6. SIRI ZA WANACHAMA

Katibu mmoja aweza kudhani anafanya uwazi akiweka katika kundi la WhatsApp orodha ya malipo ya msimu: jina la mwanachama, kilo alizopeleka, fedha alizopata, namba ya simu na namba ya akaunti ya benki. Kundi la WhatsApp laweza kuwa na watu hadi 1,024, na karatasi ikishatumwa humo haina mwenyewe tena. Matapeli hutafuta orodha ya namna hiyo. Humpigia mama mzee aliyelipwa jana, wakamtajia jina lake, kilo zake na jina la chama chake, kisha wakamwambia kwamba malipo yalikosewa na arudishe fedha kwa namba fulani. Kwa kuwa kila walichosema ni kweli, ataacha kuwaamini kwa sababu gani?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahusu jambo hili. Sheria hiyo inamtofautisha mkusanyaji wa taarifa na mchakataji anayezishughulikia kwa niaba yake. Katika mfano wetu, chama ndicho mkusanyaji, na mtoa huduma ni mchakataji. Taarifa zilizokusanywa kwa ajili ya malipo ya mazao zitumike kwa kazi hiyo, zisigeuzwe bidhaa ya kuwauzia wenye kutafuta wateja wa mikopo au wa mbolea.

Uwazi wa ushirika haupungui kwa hayo. Jumla ya kilo, bei, makato na bakaa vitangazwe kwa wote, katika ubao na katika kundi. Hesabu ya mtu mmoja mmoja apewe mwenyewe kwa stakabadhi yake. Mtoa huduma apewe tu kile anachokihitaji kwa kazi yake. Anayeandika matangazo ya mchele hahitaji kujua namba ya benki ya mwanachama yeyote.

7. MKATABA

Mkataba usiwe mrefu, bali uwe wa maandishi, upitishwe na Bodi, na fedha zake ziwemo katika makisio yaliyoidhinishwa. Kwa uchache ueleze haya:

(a) Kazi zenyewe, moja moja, na siku za kuzifanya. Kuandika «kusaidia shughuli za ofisi» hakutoshi. Iandikwe matangazo mangapi kwa juma, na mteja ajibiwe katika muda gani.
(b) Kazi asizoruhusiwa: kupanga au kubadili bei, kupokea fedha, kuahidi mzigo ambao Katibu hajathibitisha kwamba upo ghalani.
(c) Ujira, tarehe ya kulipwa, na nani atalipia vifurushi vya intaneti na matangazo ya kulipia. Chama nacho kiishike tarehe hiyo. Mtoa huduma asiyelipwa kwa wakati ana haki ya kulalamika.
(d) Kwamba jina, ukurasa, picha, orodha ya wateja na maandishi yote ni mali ya chama.
(e) Siri za wanachama, hata baada ya mkataba kwisha.
(f) Namna ya kuachana: taarifa ya siku ngapi, makabidhiano ya nini, na mbele ya nani. Malipo ya mwezi wa mwisho yatolewe baada ya hati ya makabidhiano kutiwa sahihi.

Kifungu cha mwisho ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote, kwa sababu watu wanaopatana kwa furaha huona haya kuzungumza habari za kuachana. Katika chama cha mpunga, kifungu hicho peke yake kingeokoa msimu.

8. TUPIGE HESABU

Kabla ya kukodi, Bodi ijiulize kama kazi hiyo italipa gharama yake. Tuchukue mfano wa kufundishia.

Mtoa huduma analipwa sh. 60,000/- kwa mwezi. Kwa mwaka ni sh. 720,000/-. Chama kikimuuzia mchuuzi mchele mlangoni mwa mashine hupata sh. 2,000/- kwa kilo. Kikiuza kwa wateja wa ukurasa hupata sh. 2,200/-. Tofauti ni sh. 200/-. Kutoka hapo toa mfuko na usafiri, tuseme sh. 90/-. Inabaki sh. 110/- kwa kilo.

720,000 ÷ 110 = kilo 6,545, yaani gunia 66 za kilo 100, kwa hesabu ya kuzidisha kidogo. Chama kisipouza gunia 66 kwa njia hiyo kwa mwaka, ukurasa unakula fedha za wanachama. Kikiuza gunia 200, yaani kilo 20,000, kinabaki na sh. 2,200,000/- kutoa 720,000/-, ambazo ni sh. 1,480,000/-. Kila chama kiweke tarakimu zake katika hesabu hii, msizichukue zetu.

Ikiwa hesabu haitoki, ipo njia nyingine. Vyama vinne au vitano vya jirani vinaweza, kwa kupitia chama kikuu, kumlipa mtu mmoja kwa pamoja, kila kimoja kikabaki na laini yake, Lipa Namba yake na vitabu vyake. Ushirikiano wa vyama ni msingi wa sita kati ya misingi saba iliyotangazwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mwaka 1995, na hapa ndipo msingi huo unapopata kazi. Njia ya tatu ni kumpeleka mafunzoni kijana wa mwanachama. Hiyo huchelewa kuzaa matunda, lakini ujuzi hubaki kijijini.

9. UBAO WA MBAO UBAKI UKUTANI

Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa muda wa saa sita hivi. Kosa lilitokea ndani ya kampuni yenyewe, na hakuna mtumiaji aliyeweza kufanya lolote. Wafanyabiashara waliokuwa na orodha ya wateja katika WhatsApp pekee walikaa kimya siku hiyo.

Kwa hiyo majina na namba za wateja wa chama yaandikwe pia katika daftari. Na tangazo la mkutano mkuu litolewe kama masharti ya chama yanavyoagiza. Ujumbe wa WhatsApp uwe nyongeza tu. Mwanachama asiye na simu ya kisasa ana hisa na kura sawa na mwenye nayo. Chama kinachowaita wanachama kwa WhatsApp peke yake kimewafungia mlango baadhi ya wenye nyumba.

10. KAZI YA BODI KILA ROBO MWAKA

Bodi ifanye ukaguzi mfupi, na muhtasari uandikwe. Laini ya chama iko wapi, na nani ameishika? Wasimamizi wa ukurasa ni nani leo? Majina yasomwe kutoka katika simu mbele ya wajumbe, yasisomwe kutoka katika kumbukumbu ya Katibu. Zichukuliwe ankara kumi za mauzo ya ukurasa, zifuatwe moja moja: agizo la mteja, hati ya kutoa mzigo ghalani, fedha katika taarifa ya Lipa Namba au ya benki. Zote kumi zikikutana, mpongezeni mtoa huduma. Moja isipokutana, ulizeni siku ile ile, wakati kila mtu bado anakumbuka.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Katika chama chenu, namba ya simu inayotangazwa kwa wanunuzi imesajiliwa kwa jina la nani?
2. Mtoa huduma anaomba awe anapokea fedha za wateja «ili kuharakisha kazi». Mtamjibu nini, na mtapanga utaratibu gani ili kazi isicheleweshwe?
3. Katika kisa cha chama cha mpunga, taja makosa matatu ya Bodi na moja la wanachama.
4. Piga hesabu ya sehemu ya 8 kwa zao lenu. Ni kilo ngapi zinazohitajika ili kulipa gharama ya ukurasa?
5. Mwanachama anadai orodha kamili ya malipo ya wote iwekwe katika kundi la WhatsApp kwa ajili ya uwazi. Jadilini namna ya kumtimizia haki yake bila ya kuvunja haki ya wenzake.

Makatibu wanaombwa kulisoma somo hili mbele ya Bodi, kisha katika vikundi vya wanachama. Majibu ya swali la 1 yaandikwe katika muhtasari, na pale ambapo jina lililopatikana si la chama, marekebisho yafanywe kabla ya msimu wa ununuzi kufunguliwa.